Waranti ya Mashine ya Mapera

Mtu aliyejiajiri hapewi barua ya kustaafu. Magoti yake ndiyo yanayomwandikia. Yangu yalianza kuandika tangu mwaka jana, nikajifanya sioni, mpaka mwezi uliopita nilipochuchumaa kwenye injini ya kinu nikashindwa kuinuka, na mteja akaninyanyua kama gunia. Ndipo nikawakabidhi ninyi vijana niliowafundisha funguo za karakana, mbele ya mama mwenye nyumba na fundi cherehani wa jirani, ili asije mtu baadaye akasema nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Katika Mbinga nzima hajazaliwa wa kunifukuza.

Mmeniomba niandike. Nikisimulia kwa mdomo mnasahau, au mbaya zaidi mnachanganya na hadithi za mafundi wengine na kuwapa sifa zangu. Haya, naandika. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe tuliachana njiani, kwa hiyo herufi zangu mzivumilie. Lakini mashine nimefunga kuanzia mashamba ya kahawa ya Kitura mpaka chini ufukweni kwenye boti za wavuvi, na hakuna hata moja iliyoniuliza nimefika darasa la ngapi.

Kazi niliianzia ziwani, Mbamba Bay, kwa marehemu Fundi Kasiani. Huyu alikuwa akitengeneza injini za boti chini ya paa la bati lililotobokatoboka. Mvua ikinyesha tulifunika injini, sisi tukalowa. Siku ya kwanza sikugusa mashine. Alinipa kopo la mafuta ya taa, chungu ya nati na bolti, na trei ya mayai. Kila bolti nioshe, nifute, niiweke kwenye shimo lake la trei kwa mpangilio uleule ambao yeye alizifungulia. Nilidhani ni dharau. Jioni alipokuwa akirudisha injini, mkono wake ukawa unakwenda kwenye trei bila macho kuangalia, na kila alichookota ndicho alichokitaka. Nikajua kwamba ile trei ilikuwa nusu ya ufundi. Ninyi wenyewe mnajua mpaka leo karakana yetu inanunua mayai mengi kuliko inavyoyapenda.

Kasiani alikuwa na tabia nyingine iliyonikera sana. Ukienda kwake kuomba spana, hakupi. Anaishika kifuani na kukuambia, "Sema kwanza ugonjwa." Ukisema sijui, ngoja nifungue nione, anaketi juu ya sanduku la vifaa. Tumewahi kukaa asubuhi nzima, yeye kwenye sanduku, mimi nimeweka sikio kwenye mpini wa bisibisi ndefu nasikiliza injini, na mwenye boti anazunguka na kutukana. Nilipotaja ugonjwa na nikawa nimepatia, alinipa spana bila kunisifu. Sifa ilibidi nijipe mwenyewe, na tangu hapo sijaacha.

Kisha nikapanda milimani, kwa sababu kule chini injini zilikuwa chache na mafundi wanaongezeka, na huku Mbinga kila kijiji kilikuwa kinataka kinu cha mahindi na mashine ya kumenya kahawa. Nilianza na zile za kuzungusha kwa mkono. Nikapanda kwenye za injini. Habari za nilivyopata kiwanja na nilivyojenga naziruka, maana kila mtu mjini anazijua na asiyezijua ana wivu. Nataka niwaambie kesi moja tu, ile ya Mapera, kwa sababu katika kazi zangu zote ndiyo pekee ambayo ugumu wake ulikuwa kutofanya kitu.

Pale Mapera kulikuwa na kikundi cha wakulima wa kahawa. Wazo la kikundi lilikuwa la mama mmoja mjane, Mama Kapinga, mweupe wa meno, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Wao kabla ya hapo kila mtu alimenya kahawa yake nyumbani kwa kimashine cha mkono, kila mtu na maji yake, na kahawa ikifika sokoni ikawa ya rangi kumi. Mama Kapinga akawashawishi waache vile vimashine, wachange, wanunue mashine moja kubwa mpya ya injini, wamenye pamoja na kuuza pamoja. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aitwaye Otmari, alipinga kwenye kila mkutano. Alisema mwanamke aliyefiwa apewe muda wa kuomboleza, asipewe mashine. Hata hivyo watu walichanga. Mwenyekiti akachaguliwa Mzee Mbunda, mzee wa heshima, na mashine ikanunuliwa kwa jina lake kutoka kwa kampuni moja huko Dar es Salaam. Paroko akaibariki. Wakaimba.

Msimu ulipoanza, mashine ikawa inatafuna kahawa.

Waliniita mimi, wangemwita nani? Nilipofika nilisimama mlangoni pa banda, sikuingia. Niliwaambia wawashe. Nikasikia: inalia vizuri, kisha inakwaruza, inalia vizuri, kisha inakwaruza, kila mzunguko. Nikaenda kuangalia kwenye mfereji wa maji. Punje nyingine zimepita na ganda lake jekundu kama zilivyochumwa, na nyingine zimekatwa katikati kama zimepita kwenye meno ya panya. Kahawa iliyokatwa ni kahawa iliyokufa, hakuna mnunuzi anayeitaka kwa heshima.

Niwaeleze kwa wale ambao hamjashika aina hii. Ndani kuna ngoma, imevishwa bati la shaba lenye vinundu. Mbele ya ngoma kuna chuma tunachokiita kifua. Kahawa mbivu inaminywa kati ya ngoma na kifua, ganda linachubuka, punje inateleza kwenda majini. Nafasi kati ya ngoma na kifua ndiyo roho ya mashine. Sasa ngoma ile haikuwa duara kamili. Ilitoka kiwandani na kitambi upande mmoja. Ukikaza kifua ili upande mwembamba umenye, kitambi kinakata punje. Ukilegeza kwa ajili ya kitambi, upande mwembamba unapitisha kahawa nzima. Hakuna fundi duniani wa kuikaza hiyo ikakaa, na mimi nikiwa mmojawapo.

Nikawaambia ugonjwa pale pale, bila kushika spana. Wakafurahi. Wakadhani ugonjwa ukitajwa umepona. Mzee Mbunda akaniuliza kama naweza kuitengeneza. Nikamwambia ukweli: ngoma naitoa, naipeleka karakana, nakisugua kile kitambi, kesho kutwa mnamenya. Watu wakaanza kupiga makofi. Mikono yangu yenyewe ilikuwa inawasha. Kisha nikaona rangi nyekundu.

Juu ya bolti zinazoshika ngoma, kampuni ilikuwa imepaka rangi nyekundu, imevuka kutoka kwenye bolti mpaka kwenye chuma. Ukiilegeza tu bolti hata kidogo, mstari unakatika. Maana yake ni kwamba mashine bado iko mikononi mwa aliyeiuza. Ikiwa mbovu, atengeneze yeye kwa gharama yake. Ukiivunja rangi, umeichukua na ubovu wake. Na ile ngoma, vijana, ningeisugua kweli ingemenya, lakini bati la shaba pale kwenye kitambi lingebaki jembamba kama karatasi. Ingemaliza msimu huo. Msimu wa pili ingetoboka, na kampuni ingeangalia bolti zangu na kucheka.

Kwa hiyo nikarudisha spana kwenye mfuko na kusema kwa sauti, watu wote wasikie: "Hii siigusi. Hii ina waranti. Kesho tunaitoa waranti, mwenyekiti ndiye atakayehusika, kwa sababu jina ni lake."

Makofi yakanyamaza. Otmari akacheka, akasema fundi amezeeka, anaogopa bolti. Sikumjibu, na wanaonijua wanajua hilo liliniuma kiasi gani. Mama Kapinga alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Aliniambia kahawa yake imeiva kote, na ya wenzake hivyo hivyo, na kahawa mbivu haisubiri mkutano. Ikikauka mtini imekwisha. Akasema wanachama wameanza kuulizana vile vimashine vya zamani viko wapi. Wengine walishavipeleka nyuma ya nyumba, kuku wakataga ndani, sasa wanafukuza kuku.

"Fundi," akaniambia, "wakirudi kwenye vimashine msimu huu, hawarudi tena kwangu. Kikundi kimekufa. Na Otmari atalisema hilo mpaka kwenye kaburi langu."

Nikamwambia asubiri. Ni neno rahisi kwa mtu mwenye pikipiki.

Kesho yake nilirudi mapema. Banda limefungwa kwa kufuli. Mwenyekiti hayupo, na funguo hazipo. Mkewe akasema mzee ameondoka alfajiri kwenda ziwani kumsalimia binti yao aliyeolewa huko. Nikamwuliza kama kuna msiba. Hakuna. Kama kuna mtoto amezaliwa. Hakuna. Ameondoka bila koti, akasema, na viatu amevivalia njiani.

Nikapanda kilimani nyuma ya kanisa, ambako ndiko mtandao unapatikana, nikapiga simu ya kampuni iliyoandikwa ubavuni mwa mashine. Akapokea dada mmoja mwenye sauti nzuri kuliko majibu yake. Akasema masuala ya waranti anazungumza na mnunuzi mwenyewe, aliye kwenye kumbukumbu zao, hazungumzi na fundi wa mtaani. Fundi wa mtaani! Nikamsamehe kwa sababu alikuwa mbali.

Nilishuka kilimani nikamkuta Mama Kapinga chini, mikono kiunoni. Aliniuliza jana nilisema neno gani mwisho kabisa. Nikamwambia: nilisema waranti.

Akafumba macho. "Fundi, hapa kwetu waranti imefika mara moja tu. Ilikuja na askari wawili, ikamchukua baba mdogo wa Mzee Mbunda kwa kesi ya mpaka wa shamba. Na wewe umesimama mbele ya watu ukasema waranti inatolewa kesho, na mwenyekiti ndiye mhusika."

Nikakaa juu ya jiwe. Mimi neno hilo nililitoa ziwani, kwenye maboksi ya injini za boti, sikujua kwamba milimani lina pingu.

Basi nikawasha pikipiki nikashuka. Lami ile ya kwenda Mbamba Bay inajikunja mlimani kama utumbo, na ukifika mahali pa kwanza pa kuliona ziwa, watu wa milimani husimama kupiga picha. Mimi sikusimama. Nilikuwa naona kahawa ya watu ikikauka mtini.

Nilimkuta Mzee Mbunda kwa mkwewe, nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda amegeukia ukuta ili anayepita barabarani amwone mgongo tu. Mkwewe, kijana Mnyasa anayevua dagaa wale wa kwetu, usipa, alinidaka kabla sijafika. Akanivuta kando kwenye vichanja vya kuanikia. Kwa mila zetu baba mkwe halali kwa mkwewe bila taarifa. Ni aibu kwa wote wawili, hamwezi hata kupishana mlangoni.

"Baba fundi," kijana akaninong'oneza, "mimi nimehamia kwenye banda la nyavu. Mke wangu anapika mara mbili, sahani zinapita dirishani. Kama ameua mtu niambieni, tujue moja. Kama hajaua, mchukue."

Nikaenda kwa mzee. Nikamwambia shikamoo mwenyekiti. Akaitika marahaba bila kugeuka.

"Umekuja na nani?"

"Na pikipiki."

"Na nyuma ya pikipiki?"

"Hakuna mtu, mwenyekiti."

Akapima hilo jibu. "Na hiyo waranti, imeshatoka?"

"Waranti tunayo tangu siku mliyonunua mashine."

"Tangu siku ya kununua," akasema polepole, sasa akinigeukia. "Paroko anabariki, watu wanaimba, mimi nakata utepe, na waranti ipo. Na wote mkaninyamazia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikiendelea kueleza kwa Kiswahili cha maboksi, mzee ataingia kwenye mtumbwi avuke kwenda Malawi. Nikatafuta njia nyingine. Nikamwuliza: aliyetengeneza mashine mbovu nani, sisi au kampuni? Akasema kampuni. Nikamwuliza: mwenye makosa akamatwe nani? Akasema kampuni. Nikamwambia, "Basi, mwenyekiti, hii waranti haimkamati mkulima. Inamkamata muuzaji. Na mwenye mamlaka ya kuitoa ni wewe peke yako."

Halafu akamwita binti yake alete viatu.

"Inamkamata muuzaji," akasema akivaa. "Sasa tumekaa hapa kwa watu tunakula samaki wao kwa sababu gani?"

Mkwewe alitupakia usipa mkavu mfuko mzima. Sijawahi kuona mtu akiaga kwa furaha kama yule kijana.

Tukapanda. Njia nzima nilimsikia mzee nyuma yangu anajizoeza maneno. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kilimani nyuma ya kanisa, na nusu ya kikundi nyuma yake, na Otmari nyuma ya kikundi. Nikapiga namba, nikamkabidhi simu. Yule dada akapokea kwa sauti yake nzuri. Mzee Mbunda akajitambulisha jina lote, la ubatizo, la baba na la ukoo, akasema:

"Binti, nina waranti yenu hapa. Ninaitoa leo. Naomba umwambie mkubwa wako asisafiri."

Mimi nilitaka kumnyang'anya simu. Lakini nadhani dada yule katika kazi yake alikuwa amezoea watu wanaoomba, wanaolia na wanaotukana. Mtu anayezungumza naye kama mahakama hakuwa amemzoea. Akajaribu kusema pengine tumeweka mawe, pengine tumechanganya kahawa mbichi. Mzee akamwambia hayo atayasema mbele ya wahusika. Dada akamwomba asubiri kidogo. Na sauti iliyofuata ilikuwa ya injinia mwenyewe.

Alikuwa mwanamke, kijana, anaitwa Salma, mtu wa pwani kwa lafudhi yake. Mzee alinipa simu akisema, "Amejisalimisha, ongea naye."

Nitawaambia kitu ambacho sikuwahi kukisema karakana. Yule binti alikuwa anajua kazi. Nilimweleza mlio, akaniuliza swali moja tu, kama mkwaruzo unakuja mara moja kwa kila mzunguko au mara mbili. Mara moja, nikasema. Akasema basi ni ngoma siyo beringi, lakini kwa maneno tu hawezi kutoa ngoma stoo. Anahitaji kuwaonyesha waliomzidi cheo, na watu wa aina hiyo huamini picha. Nikamwambia nitampima kwa karatasi: nakata kipande cha kalenda ya zamani ile inayoteleza, nakishusha kwa juu kati ya ngoma na kifua, nazungusha kwa mkono. Penye nafasi kinatoka, penye kitambi kinabanwa. Bolti siigusi. Akasema vizuri sana baba, lakini chora kwanza alama za chaki kuizunguka ngoma, uzipe namba, ili anayeangalia picha ajue ni palepale panapobana kila mara. Hilo la chaki lilikuwa lake. La karatasi lilikuwa langu. Msije mkachanganya.

Tukashuka bandani. Mwenyekiti akafungua kufuli lake kwa madaha. Mama Kapinga alishika simu kupiga picha za kutembea, mnazoziita video, mimi nikazungusha ngoma, mzee akasimama pembeni anasoma namba za chaki kwa sauti kama anasoma majina ya watuhumiwa. Karatasi ikapita, ikapita, ikapita, ikabanwa. Tukarudia. Ikabanwa palepale. Tukarudia tena, na safari hii niliona Otmari ameinama na yeye kuangalia, halafu akakumbuka kwamba amepinga, akanyooka.

Picha zikatumwa kutoka kilimani. Usiku ule sikulala vizuri, nawaambia kweli. Kwa sababu kama kampuni ingekataa, ningekuwa nimewazuia watu wasitengenezewe mashine kwa mikono iliyokuwa tayari, na msimu ungekwisha kwa ajili ya rangi nyekundu. Asubuhi yake ilikuwa mbaya zaidi. Kutoka barabarani niliwaona wanawake wawili wa kikundi wanaosha vimashine vya mkono kwenye kijito, migongo yao wameigeuzia nyumba ya Mama Kapinga. Yeye alikuwa uani anachambua kahawa iliyodondoka, nzuri na mbaya, hasemi neno. Mama mwenye sauti ya kuvuka milima. Nikakaa nikachambua naye.

Mchana Salma akatuma majibu. Aliyatuma kwa sauti, si kwa maandishi. Sijui alijuaje kwamba kusoma kwangu kunakwenda kwa kuchechemea, au pengine na yeye alikuwa na haraka. Alisema wamekubali. Ngoma mpya inapakiwa kwenye basi jioni hiyo mpaka Mbinga mjini. Alisema taratibu zinataka afunge fundi wa kampuni, lakini kusini huku hawana fundi, na akimtuma mtu kutoka Dar kahawa itakuwa imekwisha. Kwa hiyo amemwambia mkubwa wake kwamba fundi wa kampuni kule Mbinga anapatikana, na jina alilotaja ni langu. Sauti hiyo niliisikiliza mara nyingi. Niliwasikilizisha na wengine, hata ambao hawakuuliza.

Ngoma ilifika imefungwa kwa magunia. Kuifunga kulinichukua muda kuliko kawaida, kwa sababu niliifunga kama alivyotaka Kasiani: trei ya mayai pembeni, kila bolti kwenye shimo lake, na kila hatua nikipanda kilimani kumsikiliza Salma amesema nini kuhusu kukaza. Kuna mahali tulitofautiana. Yeye alitaka nafasi ya kifua iwe ndogo kidogo kama kitabu kinavyosema. Mimi nikamwambia kahawa ya Mapera ina punje nene, kitabu hakijafika huku. Akasema anza na yangu, ikikata, legeza uje na yako. Tulianza na yake. Haikukata. Nikanyamaza, jambo ambalo watu wa Mapera bado wanalizungumzia.

Nilipomaliza nilichovya kijiti kwenye kopo la rangi nyekundu nililonunua mjini, nikapaka mstari juu ya kila bolti, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mwenyekiti akakagua mmoja mmoja. Halafu nikawasha injini.

Mama Kapinga ndiye aliyemimina kahawa ya kwanza. Alikuwa amejitanda kitenge kipya, sijui alikitoa wapi asubuhi hiyo. Ngoma ikalia mlio mmoja, laini, bila kukwaruza, na maganda mekundu yakaanza kutoka upande mmoja na punje upande wa pili, zinateleza mferejini nyeupe, nzima, zinang'aa kwa utelezi wake. Aliingiza mkono majini akainua konzi, akazigeuza moja moja kwa kidole gumba akitafuta iliyokatwa. Akamimina, akainua konzi nyingine. Hakupata. Akatoka mlangoni, akaweka viganja mdomoni, akaita.

Sauti ile ilivuka bonde. Tukaona watu wanaanza kutokea mashambani, wanashuka katikati ya mashimo ya ngoro tunayolimia mlimani, wengine na vikapu kichwani, wengine na magunia kwenye baiskeli wakizisukuma. Wale wanawake wawili wa kijitoni walifika miongoni mwa wa mwanzo, na waliweka vikapu vyao chini bila kumtazama usoni, na yeye akawapimia kama watu wengine. Foleni ikatoka bandani, ikapita nyumba ya katekista, ikafika barabarani.

Jua likiwa limeshaanza kupoa, akaja Otmari na gunia lake begani. Alipita watu wote akaenda mpaka mlangoni, kwa uzoefu wa shemeji. Mashine ilikuwa inaunguruma. Akaweka gunia chini, akasema tu kwamba yake ni kidogo, haitachukua muda.

Mama Kapinga alimsalimia kwanza, kwa adabu yote ya nyumbani kwao, akamwuliza habari za watoto, na wazazi wake, na ng'ombe. Otmari akajibu yote. Kisha mama akamnyooshea mkono kwa upole kuelekea barabarani.

"Foleni inaishia kule, shemeji. Nyuma ya yule mama mwenye kitambaa cha njano."

Otmari alimtazama, akatazama mashine, akatazama ule mstari wa watu wote wanaomjua. Nilikuwa najifuta mikono kwa tambara, sikuwa na haraka. Akainama, akajitwisha gunia lake tena, akaanza kutembea kuelekea mwisho wa foleni. Na alipofika kule, nilimwona anamsaidia yule mama wa kitambaa cha njano kusogeza kikapu chake mbele.